Kidole Gumba cha Juma Kuu

Katika mji wote wa Píllaro, kule milimani, hakuna mwanamke anayepika fanesca ikaifikia ya Doña Targelia. Hayo aliyasema mwenyewe, sokoni, Jumapili ya Matawi, mbele ya meza ya muuza mahindi mabichi, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza kuku. Kisha akakumbuka kwamba wifi yake Etelvina amesimama nyuma yake, na Etelvina hasahau kitu. Akaongeza:

"Ukiacha mwaka juzi, nilipoiunguza. Na ule mwaka maziwa yalipokatika. Na ule mwingine niliposahau kuloweka ng'onda, chumvi ikabaki yote, padri akanywa maji mpaka ibada ya jioni."

"Na ule wa boga lililooza," alisema Etelvina.

"Boga halikuoza. Lilikuwa limechoka tu."

Muuza mahindi akacheka mpaka akampimia zaidi, na hapo ndipo Doña Targelia alipokuwa anataka kufika tangu mwanzo.

Fanesca huliwa mara moja kwa mwaka, Juma Kuu, na mtu akishaila Ijumaa Kuu mchana hataki kuona sahani nyingine mpaka Pasaka. Ni mchuzi mzito wa maziwa na boga, ndani yake ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, na ndani yake tena kila punje inayokomaa milimani msimu huo: mahindi mabichi, njegere, dengu, maharagwe ya kila rangi, na zaidi ya yote maharagwe mapana. Kuipika si kazi. Kazi ni kumenya. Kila punje ina ngozi yake, na kila ngozi itoke kwa mkono, moja moja, na hakuna mwanamke mwenye mikono ya kutosha kwa gunia zima. Ndiyo maana Jumatano ya Juma Kuu watu hurudi kwao. Hukaa jikoni kuzunguka mabeseni, wakamenya na kusengenya, na ikifika jioni kila mmoja anajua nani kaachwa, nani kaolewa na nani kanenepa.

Jioni hiyo pia kila mmoja anakuwa na kidole gumba cheusi. Ganda la maharagwe mapana lina utomvu ambao ukishaingia kwenye ukucha hausikii sabuni wala limau. Unakwenda nao kanisani, unasalimiana nao. Ijumaa Kuu huna haja ya kuuliza nani alifanya kazi na nani alikuja kula tu. Unaangalia vidole.

Basi, siku hiyohiyo ya Jumapili, gunia alilorudi nalo sokoni halijakaa sawa pale jikoni, simu ikalia. Alikuwa Germania, binti yake mkubwa, anayekaa Quito, ghorofa ya nane.

"Mama, mwaka huu usihangaike. Njoo wewe kwetu. Fausto atakupitia. Fanesca nimeshaagiza, kuna mkahawa hapa chini wanapika vizuri sana. Inakuja kwenye makopo."

"Kwenye nini?"

"Makopo, mama. Ya plastiki, yana mfuniko. Unapasha moto tu."

"Na nani kaimenya?"

"Sijui, mama. Mashine."

Doña Targelia alijikalisha juu ya gunia. Alikuwa ameyaona yaliyompata Etelvina. Mwaka wa kwanza watoto wa Etelvina walimwalika kwao Guayaquil. Mwaka uliofuata wakasema njia ni ndefu, mama apumzike, wakamtumia kopo kwa basi. Tangu hapo kila Ijumaa Kuu Etelvina hula fanesca ya kopo, yeye na redio. Meza ya Doña Targelia ikihamia Quito mwaka huu haitarudi tena Píllaro, hilo aliliona waziwazi kama alivyouona mlango wa jiko lake.

"Siwezi kusafiri," alisema.

"Kwa nini?"

"Nimeanguka."

Yeye mwenyewe alishtuka kulisikia neno hilo likitoka. Akautazama mkono wake wa kulia, mzima kabisa, umeshika simu. Akaihamishia simu mkono wa kushoto, kwa adabu.

"Umeanguka! Umeumia wapi?"

"Kifundo cha mkono. Kimevimba kidogo. Si kitu, mwanangu, usijisumbue. Ila kumenya siwezi, na gunia liko hapa limejaa, na kutupa chakula Juma Kuu ni dhambi, unajua mwenyewe. Nitajaribu kumenya kwa meno."

Upande wa pili Germania akashusha pumzi ndefu.

"Tunakuja Jumatano. Sote, na watoto. Mama, usishike kitu!"

"Sitashika," alisema Doña Targelia, kwa sauti ya mgonjwa mwenye furaha.

Kukata simu na kufika kwa Etelvina ilikuwa kitu kimoja.

"Wifi, nifunge bendeji."

"Umefanya nini?"

"Nimeanguka."

Etelvina alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. "Umeangukia wapi, mbona hata sketi haina vumbi?"

"Kwenye simu."

Etelvina akaelewa. Akaenda kuchana shuka la zamani. Aliporudi akauliza mkono gani.

"Wa kulia."

"Huo si ndio wa mwiko?"

"Ndiyo maana. Nani anasafiri kutoka Quito kwa sababu ya mkono wa kushoto?"

Etelvina alimfunga kifundo, akampaka dawa ya kuchua, nyingi, mpaka paka akatoka nje. Kisha akakaa na shuka lililobaki mapajani, akasema kama anaongea na shuka: "Watakuja kweli?"

"Watakuja. Na wewe uje, tena uje mapema."

Jumatano ilianza na mvua. Redio ikasema huko barabarani magari yanakwenda kwa kunyata. Doña Targelia aliamka kabla ya jogoo, akapanga mabeseni, akapanga viti, akakaa. Mabeseni yale matupu yalimtazama. Je, wakigeuza gari njiani? Je, Germania akiona mvua aseme haya, mama atasubiri mwakani? Bendeji ilikuwa inamwasha, akaifungua apumzike kidogo. Gunia lilikuwa karibu na mguu wake. Akasema atamenya mawili matatu tu, ya kujiliwaza.

Aliyemwona mtu akila karanga mbili tatu tu anajua kilichofuata. Etelvina alipopiga hodi, beseni moja lilikuwa limejaa mpaka ukingoni.

"Wewe!" alisema Etelvina. "Hebu lete kidole."

Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa cheusi kama kitako cha sufuria. Wakajaribu sabuni. Wakajaribu limau, majivu, na mwisho chumvi. Kidole kilizidi kung'aa kwa weusi wake, kama kiatu kilichopigwa brashi.

"Funga na kidole," alisema Doña Targelia.

"Umeumia kifundo, kidole kinahusika nini?"

"Uvimbe umeshuka."

Etelvina akamfunga upya, kifundo, kiganja na kidole gumba, mkono ukawa kama mtoto mchanga aliyeviringishwa. "Na beseni hili? Wakiuliza nani kamenya?"

"Wewe."

"Mimi! Vidole vyangu vyeupe kama vya askofu."

"Basi kaa umenye upesi, gari linakuja!"

Lilikuwa linakuja kweli. Wakashuka Germania na watoto wake wawili, wakashuka Fausto, kitinda mimba wa Doña Targelia, na mkewe Yadira, mtoto wa Manta, mji wa pwani kwenye joto, aliyeolewa Agosti, amevaa sweta mbili na bado anatetemeka. Germania alishuka na mkoba begani na kopo kubwa la plastiki mkononi.

"Hilo nini?" aliuliza Doña Targelia.

"La akiba tu, mama. Ikitokea tukashindwa."

"Liweke pale kwenye kona, lisisikie tunayosema."

Jambo ambalo Doña Targelia alikuwa amelisahau ni kazi ya Yadira. Msichana huyu anafanya kazi hospitali, kitengo cha kunyoosha viungo. Salamu zenyewe hazijaisha, ameshavuta kiti, ameshaufikia ule mkono.

"Hebu nione, mama mkwe. Unaweza kukunja?"

"Taratibu, mwanangu! Haufunguliwi."

"Kwa nini?"

"Mchuaji amekataza. Amesema mpaka Jumapili ya Pasaka."

"Mchuaji gani?"

"Don Segundo," alisema Doña Targelia.

"Don Amable," alisema Etelvina wakati huohuo.

Fausto akageuka. Yadira akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Segundo Amable," alisema Doña Targelia, uso mkavu. "Ni mtu mmoja. Wengine humwita hivi, wengine vile. Haya, mtu wa pwani, unajua kumenya au unajua kuuliza tu?"

Wakakaa. Gunia likamwagwa, mvua ikipiga bati, sufuria ya boga ikichemka polepole na kuujaza moshi wa jiko utamu. Mwanzoni kila mtu alimenya kimya kama yuko kwenye mtihani. Germania alishika punje kwa ncha za vidole, akiogopa kucha zake nyekundu. Yadira aliyachuna maharagwe kama anavua soksi za mtoto aliyelala.

"Si hivyo, mwanangu," alisema Doña Targelia kutoka kwenye kiti chake, mkono wake mgonjwa umelazwa juu ya mto. "Toboa kwa ukucha, kisha bana. Yenyewe itaruka."

Yadira akabana. Punje ikaruka, ikampiga Fausto kwenye paji la uso.

"Huyo ndiye mume!" alisema Etelvina. "Mwaka wa kwanza unampiga kwa maharagwe. Mwaka wa tano utampiga kwa boga."

Hapo kimya kikavunjika. Watoto wakaanza vita vya njegere. Fausto akasimulia habari za bosi wake anayelala kwenye mikutano huku amefumbua macho, akamwigiza, Etelvina akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wenye utomvu, akabaki na mstari mweusi shavuni kama masharubu yaliyopotea njia. Germania, bila kujua, akaacha kuogopa kucha zake. Alikuwa anawasimulia habari za jirani wa ghorofa ya saba anayefuga jogoo bafuni, na vidole vyake vikawa vinakwenda peke yake, toboa, bana, toboa, bana, kama vya mama yake. Katikati ya habari alisimama, akautazama ukuta wenye masizi, akatazama beseni.

"Mimi nilidhani nimesahau," alisema.

Doña Targelia alijifanya anahesabu vitunguu.

Mateso yake yeye yalikuwa makubwa. Kukaa mbele ya gunia bila kugusa ni kama kukaa mbele ya ngoma ukiwa umefungwa miguu. Alielekeza. Alikosoa. Alimwambia mjukuu wake kwamba dengu ile ina ngozi bado, akarudia, akarudia tena, na alipofika kwenye habari ya siku Etelvina alipomfukuza kasisi mgeni akidhani ni muuza bima, alirusha mikono yote miwili hewani na kukizungusha kifundo chake kama mtu anayefungua bomba.

Yadira alikuwa anamwangalia. Akatabasamu, akainamia beseni lake.

Jioni watoto walilinganisha vidole. Vyote vyeusi. Mdogo wao akauliza kama mwakani watakuja tena, na Germania, bila kutazama mtu, akasema, "Mwakani tunakuja Jumanne. Jumatano pekee haitoshi."

Doña Targelia aliinuka akaenda kuangalia boga, ambalo halikuwa na haja ya kuangaliwa.

Alhamisi wakapika. Yadira ndiye aliyepewa mwiko, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa anaota moto muda wote. Akakoroga bila kupumzika, Doña Targelia akisimama nyuma yake: usisimame, usikimbie, maziwa yanasikia haraka ya mtu, leta jibini, subiri, sasa. Maziwa hayakukatika, wala sufuria haikuungua. Lile kopo la Quito lilikaa kwenye kona yake mpaka Etelvina akaona huruma, akalipasha moto akala nusu. Walipomuuliza likoje alifikiri kidogo.

"Si baya," alisema, na Doña Targelia hakumsemesha kwa muda wa kuosha sahani mbili.

Ijumaa Kuu, baada ya kanisa, wakakaa mezani. Fanesca iliingia kwenye sahani za kina, rangi yake kama jua la asubuhi, juu yake vipande vya yai, vimaandazi vidogo, ndizi mbivu za kukaanga na pilipili moja nyekundu iliyochanwa kama ua. Kwa muda mrefu kulisikika vijiko tu. Fausto alifungua mkanda. Watoto wakaomba tena. Yadira alivua sweta moja, na hiyo kwake ilikuwa ni kama kupiga vigelegele.

"Mama," alisema Germania, akiweka kijiko chini, "hii imepita ya miaka yote."

"Kwa sababu sikuishika," alisema Doña Targelia. Alikuwa anajisikia kama malkia. Watoto wako mezani, mwakani wameshaahidi, na wifi yake kala sahani tatu juu ya lile kopo.

"Sasa sikiliza," Germania akaendelea, na sauti yake ikawa ile ya ofisini. "Mimi na Fausto tumezungumza. Mtu wa umri wako anayeanguka hawezi kukaa peke yake. Leo ni kifundo, kesho nyonga. Jumatatu unakwenda nasi Quito. Tutapiga picha ya mfupa, halafu unakaa kwetu. Chumba kipo."

"Nakaa mpaka lini?"

"Unakaa, mama. Moja kwa moja. Juma Kuu tutakuwa tunakuja kumenya hapa, tukifungua nyumba."

Kijiko cha Doña Targelia kilibaki hewani. Ghorofa ya nane. Lifti. Jogoo wa bafuni. Alimtazama Fausto, Fausto akatazama sahani. Alimtazama Etelvina, na Etelvina alikuwa ameshika kipande cha ndizi bila kukila, uso umemshuka. Nyumba jirani ingefungwa, na yeye angebaki na redio.

Kuna watu ambao wakibanwa husema kweli. Doña Targelia hakuwa mmoja wao. Yeye akibanwa, huongeza.

"Mkono umepona," alisema.

"Mama!"

"Umepona, nakwambia! Tangu asubuhi kanisani. Nilisikia joto linapanda kutoka hapa mpaka hapa, wakati padri anasoma yale mateso. Sikutaka kusema, msije mkasema najivuna."

"Mchuaji si alisema Jumapili?" aliuliza Yadira, kwa upole kabisa.

"Umewahi! Kwani mkono hauruhusiwi kuwahi?" Na kabla mtu hajanyoosha mkono kumzuia, alishika ncha ya bendeji kwa meno, akaivuta, akaizungusha, akaizungusha, kitambaa cha shuka kikaanguka kwenye sahani ya jibini. "Haya, tazameni! Kunja, kunjua. Kunja, kunjua. Nani anaanguka hapa? Mkono kama huu utakwenda Quito kufanya nini?"

Alikizungusha kifundo juu ya meza, kulia, kushoto, kama mwanasiasa anayepungia watu. Hakikuwa na uvimbe wala mkwaruzo.

Watu wote mezani, hata hivyo, hawakuwa wanatazama kifundo.

Etelvina alifumba macho. Doña Targelia aliona, akafuata macho ya wengine, akakifikia kidole chake mwenyewe, kidole gumba, kimesimama pale juu ya fanesca, cheusi tititi.

Akakikunja ndani ya ngumi. Akakaa.

"Damu imevilia," alisema. "Nilipoanguka."

Yadira aliuchukua ule mkono kama anavyoshika mikono ya wagonjwa, akaifungua ngumi kidole kimoja kimoja, akakisogeza kidole gumba puani, akanusa.

"Pole sana, mama mkwe," alisema. "Damu yako inanuka maharagwe."

Kisha, bila haraka, akaweka mezani kidole gumba chake, kando ya kile, cheusi kwa cheusi. Fausto akaweka chake. Watoto wakapanda juu ya viti wakaweka vyao, vinne kwa pamoja, kulia na kushoto. Etelvina naye, macho bado ameyafumba, akapapasa mpaka akafika. Wa mwisho alikuwa Germania. Alimtazama mama yake, mdomo ameukaza, kisha akakilaza kidole chake kwenye mstari, rangi nyekundu imebanduka, chini yake weusi mtupu.

"Kumbe sote tulianguka, mama," alisema. "Basi baki kwako, chumba ni kimoja tu."